Maziwa Yako Yana Ukali Gani?

Mwezi uliopita mama mmoja mjane wa hapa Ilomba alinijia ofisini na ndoo ya maziwa, machozi yakimlengalenga. "Bwana Karani," akasema, "wameyakataa tena! Wasema yamechacha, nami nimeyaonja, hayana neno. Je, huu si uonevu?" Maziwa yale ndiyo sabuni, chumvi na madaftari ya wanawe. Basi, nikafuatana naye mpaka kituo cha maziwa tukaone.

Kijana mpimaji alimwamkia mama kwa adabu, akatuonyesha kazi yake. Alivuta mililita 10 za maziwa, akazitia katika gilasi pamoja na matone machache ya fenolfthaleini. Dawa hiyo haina rangi penye asidi, lakini hugeuka waridi mara besi inapozidi. Kisha akadondosha maji ya kostiki soda kutoka mrija wa kioo wenye alama, tone kwa tone, huku akitikisa gilasi. Waridi ikatokea, ikapotea; ikatokea tena, ikapotea. Ilipobaki bila kupotea, akafunga mrija, akasoma: mililita 2.4.

Maana yake nini? Asidi ni kali kama ndimu. Besi ni kinyume chake, kama magadi. Zikikutana hutulizana. Ukijua nguvu ya besi na kiasi ulichotumia, wajua asidi ilikuwa kiasi gani. Soda ile ilikuwa na gramu 4 katika lita moja ya maji, na kila mililita yake hutuliza gramu 0.009 za asidi ya maziwa. Zidisha kwa 2.4, utapata gramu 0.0216 katika mililita 10. Yaani karibu 0.22 katika kila mia. Maziwa mabichi yaliyo mema huwa 0.14 mpaka 0.18.

Mama hakusadiki. Kijana akapima maziwa ya jirani mbele yetu: mililita 1.7, yaani 0.15. Soda ile ile, mkono ule ule. Mama akanyamaza.

Ndipo nikamwuliza, "Mama, maziwa ya jana jioni wayaweka wapi?" Kumbe huyachanganya na ya asubuhi! Vijidudu vya usiku hula sukari ya maziwa na kuigeuza asidi, ile aliyoitambua Carl Wilhelm Scheele wa Sweden mwaka 1780. Ulimi huenda usiisikie bado, lakini maziwa hayo yakichemshwa kiwandani yaweza kuganda, yakaharibu na ya wenzako.

Wako wanaotia magadi ili kuficha ukali. Ndugu zangu, huo ni wizi. Hesabu hupungua, lakini vijidudu vingali humo, na anayekunywa ni mtoto wa mtu.

Nawe muuzaji, una haki ya kuuliza soda ilipimwa lini. Soda isiyojulikana nguvu yake ni kama jiwe la mizani lililochongwa. Ila usiichezee, maana huunguza ngozi na macho.

Siku ile mama alirudi na ndoo yake, yakawa mtindi wa watoto. Sasa huosha chombo kwa maji ya moto, wala hachanganyi tena. Juzi alipita ofisini akicheka: "Bwana Karani, 1.6!"