Kocha Ahukumiwe kwa Alichokijua

Muhula uliopita nilikuwa kocha wa timu ya soka ya idara yetu. Fainali tunaongoza 1-0, zimebaki dakika 20, nikamtoa beki wetu wa kati aliyekuwa anacheza vizuri tu. Tukafungwa 2-1. Wiki nzima pale kantini niliitwa majina ambayo mhariri hawezi kuyachapa. Mwenzangu wa chumbani, mgonjwa wa besiboli ya Marekani, akafungua laptopu yake akaniambia, "Njoo umwone ndugu yako Kevin Cash."

Tarehe 27 Oktoba 2020, fainali za ubingwa, mchezo wa sita. Tampa Bay Rays ya Cash inaongoza 1-0 dhidi ya Los Angeles Dodgers. Mrushaji wake, Blake Snell, amewatoa wapigaji 9 kwa straiki. Wapigaji watatu wa kwanza wa Dodgers wamekutana naye mara mbili kila mmoja, na mara zote sita wametolewa hivyo hivyo. Duru ya 6 mpigaji mmoja akafika kituo cha kwanza, Cash akatoka benchi akamtoa Snell, aliyekuwa amerusha mipira 73 tu. Na kwenye besiboli ukishatolewa hurudi. Akaingia Nick Anderson. Dodgers wakapata pointi mbili duru hiyo hiyo, wakashinda 3-1, ubingwa wakabeba.

Nikasema basi, somo ni kwamba anayefanya vizuri haguswi. Mwenzangu akacheka, akanirudisha Oktoba 2003. Boston Red Sox wanaongoza 5-2 dhidi ya New York Yankees, duru ya 8, mchezo wa saba, mshindi anakwenda fainali. Mrushaji wao Pedro Martínez amechoka, kila mtu anaona. Kocha Grady Little akamfuata uwanjani, wakaongea, akamwacha aendelee. Yankees wakasawazisha, wakamaliza kazi duru ya 11, 6-5. Mkataba wa Little haukuongezwa.

Sasa jamani, mmoja analaumiwa kwa kutoa, mwingine kwa kuacha. Ukihukumu kwa matokeo pekee hujifunzi kitu, utabaki kuwa hakimu wa asubuhi ya pili. Ni sawa na kumsifu aliyesoma mada moja, akaotea, ikatoka kwenye mtihani, halafu unamcheka aliyesoma desa zote akapata sapu. Mimi nasema swali la haki ni moja: wakati anaamua, kocha alijua nini?

Chukua upangaji wa wapigaji. Wapo 9, wanapiga kwa zamu, wakiisha anaanza tena wa kwanza. Mashabiki wanagombana sana juu ya nani atangulie. Mwaka 2023 Philadelphia Phillies walimweka Kyle Schwarber nafasi ya kwanza kwa sehemu kubwa ya msimu. Wastani wake wa kupiga ulikuwa .197, namba ya aibu kwa mtu wa kutangulia. Kelele zikawa nyingi. Lakini kocha Rob Thomson alijua mambo mawili: Schwarber anapewa kituo bure mara nyingi kwa sababu haukimbilii mpira mbovu, na akiugusa unakwenda jukwaani. Msimu ule alipiga mipira 47 ya namna hiyo. Anayetangulia hupata zamu nyingi kuliko wenzake, kwa hiyo uamuzi ulikuwa na akili hata kabla ya matokeo.

Tena tusikuze mambo. Waliopiga hesabu wanasema kupanga vizuri zaidi wachezaji wale wale 9 kunaongeza kama pointi 10 au 15 kwa msimu wa michezo 162, na pointi 10 ni sawa na ushindi mmoja hivi. Kocha hageuzi timu mbovu kuwa bingwa kwa kalamu. Anachoweza ni kupoteza usiku mmoja, na usiku mwingine ndio huo wa fainali.

Kwa kipimo hicho namrudia Cash. Kumtoa Snell kulikuwa na hoja: msimu mzima ule hakuwahi kumaliza duru 6, na wapigaji kwa kawaida humzoea mrushaji wakikutana naye mara ya tatu. Kosa lake liko kwa aliyeingia. Anderson alikuwa ameruhusu pointi katika mechi zake kadhaa zilizotangulia, na hilo lilijulikana kabla hajanyanyuka benchi. Cash aliuliza "Snell atachoka lini?" akasahau kuuliza "anayeingia yukoje?" Little naye alijua Pedro kachoka. Wote wawili walikosea, ila si kwa sababu walifungwa.

Na mimi je? Nimejitetea muhula mzima kwamba beki wetu alikuwa na kadi ya njano, na hiyo ni kweli. Ila kuna jambo sijawahi kulisema pale kantini. Niliyemwingiza alinifuata asubuhi ile akaniambia enka yake inamuuma. Nilijua. Bao la pili lilipita upande wake, na lawama zikamwangukia yeye kuliko mimi.

Kaka, samahani. Mwaka huu nikipewa tena timu, kabla sijamtoa mtu nitamtazama kwanza anayeingia.