Askari wa Hifadhi Apewe Wajibu wa Polisi, Si Jina Lake

Limekuwa likizuka mara kwa mara, maofisini na hata katika mikutano ya Chama, swali la kama askari wa hifadhi zetu za wanyama ahesabiwe kuwa polisi. Wanaolitaka jambo hilo wana hoja isiyostahili kudharauliwa. Mtu huyu hulala porini, huvaa sare, hubeba silaha ya Serikali na hukabiliana na majangili ambao nao wana bunduki, tena mara nyingine za kivita. Kwa nini basi anyimwe heshima na kinga ya polisi? Wanaolipinga hutaja vipigo na mifugo iliyotaifishwa, wakasema kwamba mtu wa namna hiyo akiongezewa madaraka atawamaliza wanavijiji. Kwa maoni yangu pande zote mbili zimeling'ang'ania jina na kuliacha jambo lenyewe.

Madaraka ya kukamata askari wa hifadhi anayo tayari. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009, iliyochukua mahali pa ile ya mwaka 1974, inamruhusu afisa aliyeidhinishwa kupekua, kutwaa nyara na kumtia mtuhumiwa mbaroni bila ya hati. Mwaka 2020 Bunge likaenda mbele zaidi, likaunda Jeshi la Uhifadhi wa Wanyamapori na Misitu, ambalo wengi wamelizoea kwa jina la Jeshi Usu, likiwaweka chini ya nidhamu ya kijeshi askari wa Hifadhi za Taifa, wa Ngorongoro, wa TAWA na wa Wakala wa Misitu. Hata hivyo, Ibara ya 147 ya Katiba inapoeleza mwanajeshi ni nani, huwataja watu wa Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Askari wa hifadhi hayumo. Tumempa bunduki, cheo na pingu. Lakini mbele ya raia bado hajulikani barabara ni nani, wala raia hajui amshitaki wapi.

Hapo ndipo penye kasoro. Polisi hana madaraka tu, ana kaunta. Mtu akikamatwa na polisi, jina lake huandikwa kitabuni, saa huandikwa, na vitu alivyokutwa navyo huandikwa. Mama yake akija na chakula kuna dirisha la kuulizia. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 inapozungumza juu ya mtu aliyekamatwa bila hati, humbebesha mzigo mkuu wa kituo cha polisi: ama mtu huyo afikishwe mahakamani ndani ya saa 24, ama, kwa kosa lisilo la adhabu ya kifo, suala la kumwachia kwa dhamana lipimwe. Sisemi kwamba kaunta zetu ni pepo, tunazijua. Lakini mtu anayezuiliwa katika kambi ya porini hana mkuu wa kituo wa kuulizwa, na saa zake 24 hazina mtu wa kuzihesabu.

Tuitazame Saadani, ambayo ilikuwa pori la akiba kwa miaka mingi kabla ya kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005. Ni hifadhi inayogusa bahari, na ndani na kandokando yake wapo wavuvi wa kamba, wachemsha chumvi, wakulima na wafugaji. Tuseme kijana wa Mkwaja amekutwa na nyama ya kuro. Makao ya polisi ya wilaya yako mjini Pangani, ng'ambo ya mto, ambao kwa miaka mingi watu wameuvuka kwa kivuko. Askari aliyemkamata ana gari moja, mafuta ya kupima, na doria ambayo haijakwisha. Kishawishi cha kumweka kambini hadi kesho, au hadi keshokutwa, hakitokani na ubaya wa moyo. Kinatokana na barabara, na na mafuta. Ndiyo maana hotuba za kuwaasa askari wawe na utu hazitoshi, ingawa nasi waandishi tumezichapa nyingi.

Wala tusishangae kwamba mtu wa pwani humwangalia askari wa wanyama kwa jicho la pembeni. Hermann von Wissmann, ambaye majeshi yake yalipiga mji wa Saadani wa Bwana Heri na kumnyonga Abushiri bin Salim pale Pangani mwezi wa Desemba 1889, ndiye yule yule aliyetoa, akiwa Gavana mwaka 1896, amri ya kwanza ya Wajerumani ya kuhifadhi wanyama katika nchi yote. Mwindaji aliamka akakuta ni mhalifu, na aliyemwambia hivyo alikuwa na bunduki. Waingereza nao wakaja na Bwana Nyama wao. Uhuru uliwafanya wanyama kuwa mali ya Taifa, na hilo ni jambo kubwa. Lakini desturi ya kazi haibadiliki kwa kubadilisha bendera tu. Huko Mkomazi, pori la akiba tangu mwaka 1951, wafugaji walihamishwa mwaka 1988, yaani miaka 27 baada ya Uhuru, na uchungu wao ukafika mpaka Mahakama ya Rufani.

Je, kumwita polisi kutaondoa uonevu? Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013 imekwisha kulijibu swali hilo. Ndani yake walikuwamo polisi wenyewe, walikuwamo wanajeshi, na walikuwamo askari wa wanyamapori. Ilisimamishwa katika muda wa wiki chache. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, chini ya Ndugu James Lembeli, wakati huo Mbunge wa CCM na ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa mtumishi wa Hifadhi za Taifa, ilieleza habari za vifo, mateso na mifugo iliyouawa, na mawaziri 4 wakaondoka madarakani mwezi wa Desemba. Ujangili ulikuwa wa kweli, na tembo walikuwa wakiteketea. Lakini jina la polisi halikumkinga mnyonge, maana operesheni nzima iliendeshwa mbali na kaunta.

Tena kuna hasara ambayo wapenzi wa jina hilo hawaipimi. Mkulima ambaye shamba lake limeingiwa na tembo humwita askari wa hifadhi. Mvuvi aliyesikia mshindo wa baruti asubuhi, naye anajua chombo kilichotoka na watu wake, huweza kumnong'oneza mhifadhi wa bahari jambo ambalo hatalipeleka kituoni, akihofia kugeuzwa shahidi au mtuhumiwa. Pwani ya Tanga imeumizwa sana na baruti, na Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, haiwezi kulindwa kwa boti za doria peke yake. Hifadhi za Taifa zilipoanzisha Ujirani Mwema mwishoni mwa miaka ya 1980, zilitambua kwamba habari za jangili hutoka kijijini. Mtu mwenye madaraka juu ya kila kosa, la pombe, la deni, la ugomvi wa ndoa, hupewa salamu, hapewi habari.

Njia nyingine tunayo, nayo si ya kuazima. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, uliokemea kiburi cha viongozi, ndio pia uliotilia mkazo ulinzi wa Taifa mikononi mwa wananchi. Mwaka 1975 sheria ikampa mgambo uwezo wa kukamata kama wa polisi, bila ya kumgeuza kuwa polisi. Uwezo ulikuwa wa kazi maalumu. Askari wa hifadhi na abaki hivyo: awe na nguvu kamili dhidi ya jangili, mkata mikoko na mpiga baruti, na asiwe na lolote juu ya mengine. Mafao yake na bima ya familia yake yarekebishwe kwa sheria ya jeshi lake mwenyewe.

Na kabla ya hayo yote, kila kambi iwe na kitabu. Ndani yake iandikwe saa ya kukamata, mahali, jina, hali ya mwili wa mtuhumiwa, na saa aliyokabidhiwa polisi. Mtendaji wa Kijiji cha karibu apewe taarifa siku ile ile, naye atie sahihi. Gari likikosekana, iandikwe kwamba limekosekana. Mkuu wa Polisi wa Wilaya akikague kitabu hicho kila mwezi kama anavyokagua cha kituo chake. Hakuna haja ya kungoja Bunge. Waraka mmoja uliotiwa sahihi na wakuu wa pande mbili unatosha, na Pangani ni mahali pazuri pa kuanzia.