Gereji ikikataliwa, tutafute kosa, tusitafute sahihi

Katika komini ya Lubumbashi, kutoka Makutano mpaka Kalubwe, malupango mengi yameongezewa chumba kando ya ukuta na kuitwa gereji. Gari halikai humo siku nyingi. Baada ya miezi michache ni duka, ni saluni, au fundi wa kuchomea vyuma amepanga. Na umeme wake? Mara nyingi unatoka kwenye prizi ya sebuleni, kwa waya uliopitishwa chini ya mabati.

Ndipo mkaguzi anakuja, anafungua kisanduku, anatikisa kichwa. Mwenye lupango anakasirika: ukuta umekwisha kupakwa rangi, mpangaji amelipa garanti. Neno la kwanza linalomtoka ni: "Sasa tufanye namna gani, chefu?" Kila mkaaji wa mji huu anajua maana ya swali hilo.

Sahihi ya kununua haipunguzi joto la waya. Waya wa milimita mraba 1.5 ni wa taa. Resho moja ya wati 2,000 kwenye volti 220 inavuta ampea 9 hivi. Ukiweka mbili ni 18, na kwa bei ya makala, nani atakataa kupika kwa umeme siku unapopatikana? Disjonkteri ikianguka kila jioni, fundi wa njiani anaweka kubwa zaidi, ya ampea 32, na anashukuriwa kwa sababu haianguki tena. Kuanzia hapo kinachoungua ni waya wenyewe, ndani ya ukuta, watu wakiwa wamelala.

Aliyekataliwa aombe makosa yaandikwe, moja baada ya jingine. Laini ya gereji ianzie kwenye kisanduku kikuu na iwe na disjonkteri yake. Waya za prizi ziwe za 2.5. Iwekwe disjonkteri ya difaransieli ya miliampea 30, ile inayokata mara moja umeme unapopita mwilini mwa mtu, kwa maana katika gereji watu wanasimama kwenye simenti yenye maji.

Kisha kuna waya wa ardhini, na hapa Katanga una shida yake. Kuanzia Mei mpaka Septemba mvua haipo, udongo mwekundu unakauka, na udongo mkavu haupokei umeme vizuri. Fito ya chuma iliyopimwa Februari ikakubaliwa inaweza kukataliwa Agosti. Itabidi kuchimba zaidi, au kuunganisha fito mbili. Fundi mzuri ataomba arudi kupima wakati wa kiangazi; anayekucheka ukimwomba hivyo, mwache.

Delestaji nayo imeleta groupe katika gereji zetu. Moshi wake peke yake unaua katika chumba kilichofungwa. Lakini wengine wanaichomeka kwenye prizi ya nyumba bila inverseri ya kutenga laini ya nje. Umeme unarudi mpaka kabini, unapandishwa kuwa volti elfu kadhaa, na fundi wa SNEL aliye juu ya nguzo anashika waya akiamini hauna kitu.

Tarehe 2 Februari 2022, kule Matadi-Kibala, Kinshasa, waya mkubwa wa umeme ulikatika ukaanguka sokoni, watu 26 wakafa. Nchi nzima ilidai hesabu kwa shirika la umeme, na ilikuwa haki. Lakini waya zilizo nyuma ya kompteri ni zetu wenyewe, na huko hakuna wa kumdai.

Hata hivyo, wakaguzi nao wana deni. Anayesema "hii mbaya" kwa mdomo tu, bila kuonyesha wapi, ndiye anayefanya lile swali la "namna gani" liulizwe. Ubelgiji, anayenunua nyumba ya zamani ambayo umeme wake umekataliwa anapewa miezi 18 ya kutengeneza, na karatasi ya makosa mkononi. Sisi tungeridhika na kidogo kuliko hapo: karatasi moja, kwa Kifaransa na Kiswahili, tarehe ya mwisho inayojulikana, na ziara ya pili isiyolipwa upya. Nakala moja apewe mpangaji, maana ndiye anayelala humo.