Ujira wa Fundi si Sadaka

Iko desturi mbaya katika mji wetu wa Goma, nasi hatuwezi kuinyamazia. Mtu ampatia seremala kazi ya mlango, wapatana bei, atoa avansi kidogo. Akipita kuutazama, ausifu. Lakini siku ya kuletewa, ndipo aonapo makosa: mbao si kavu, bawaba zalia. Kisha asema, "Rudi Jumamosi." Fundi arudi mara nne, na mbao zenyewe alizikopa!

Tangu mabenki yalipofungwa Januari 2025, wengine wamepata udhuru: fedha zimekwama. Wako waliokwama kweli. Lakini mbona bia hulipwa papo hapo?

Baada ya moto wa Nyiragongo wa 2002, ni nani waliotujengea nyumba za mbao juu ya mawe yale meusi, kama si mafundi hawa?

Kazi ikiwa na kosa, lionyeshe, litengenezwe, ulipe. (Wauza mbao mbichi nao tunawajua.) Bali kumnyima mtu ujira wake ni dhambi inayolilia mbinguni, Papa Leo XIII aliikemea katika Rerum Novarum, mwaka 1891. Basi, wewe mwenye deni la mlango, pitia kwanza kwa seremala, ndipo uje kupokea Komunyo.