MKOPO WA NYUMBA NA KAZI YA KIBARUA

Ndugu Wanachama,

Katika mkutano wa tawi ndugu mmoja alisimama akasema kwamba mambo ya mikopo ya nyumba si kazi ya chama. Alisema chama kishike mishahara, na mwenye kutaka nyumba aende benki mwenyewe. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga. Leo namjibu, wala simjibu kwa chuki, maana ni mwenzetu.

Mwezi uliopita nilimsindikiza kijana jirani yangu wa Kawangware mpaka benki moja ya mjini. Ni fundi hodari, mshahara wake ni sawa na wangu, tena hana deni la mtu. Karani alitukaribisha vizuri, akauliza mshahara, akaandika. Halafu akauliza, "Barua yako ya kazi inakwisha lini, ndugu?" Kijana akajibu, "Desemba." Karani akaweka kalamu chini. "Rudi ukipata kazi ya kudumu," akasema. Basi tukatoka.

Je, kilichomshinda kijana ni nini? Si mshahara. Ni barua ya kazi. Na barua ya kazi ni shauri la nani, kama si la chama?

Sasa tuje kwenye riba. Mimi nimesoma shule ya misheni mpaka darasa la nane tu, lakini hesabu hii kila mtu aifanye. Chukua mkopo wa Shs. 3,000,000/- wa miaka 20. Kwa riba ya 14 kwa mia utalipa karibu Shs. 37,300/- kila mwezi. Mwezi wa kwanza, Shs. 35,000/- katika hizo ni riba tupu. Kinachopunguza deni ni Shs. 2,300/- tu. Ukimaliza umelipa karibu milioni 9. Kwa riba ya 9 kwa mia mkopo ule ule ni karibu Shs. 27,000/- kwa mwezi, na jumla yake karibu milioni 6 na nusu.

Tena kuna Sheria ya Kazi ya mwaka 2007. Inasema makato yote yasipite theluthi mbili za mshahara. Ni sheria njema, inatulinda. Lakini mtu wa Shs. 70,000/- theluthi mbili zake ni kama Shs. 46,600/-. Toa mkopo wa riba ya 14, zinabaki Shs. 9,300/-, na kodi ya mapato peke yake inazipita, kabla ya NSSF, bima ya afya na ile 1.5 kwa mia ya nyumba. Huyo hapati. Kwa riba ya 9 angepenya, ingawa kwa shida. Ndiyo sababu mwisho wa mwaka 2023 mikopo ya nyumba ya mabenki ilikuwa karibu 30,000 tu, katika nchi iliyohesabiwa watu zaidi ya milioni 47 mwaka 2019. Sisi tunapita asubuhi chini ya maghorofa ya Kilimani na Kileleshwa tukienda kazini, na jioni tunarudi chumba cha kupanga.

Wako wanaosema serikali ifunge riba kwa sheria, basi yamekwisha. Ilifungwa! Septemba 2016 sheria ilisema benki isitoze zaidi ya 4 kwa mia juu ya kiwango cha Benki Kuu. Mabenki yakafunga mkono, yakaona heri kuikopesha serikali kuliko mtu mdogo. Novemba 2019 kifungo hicho kikaondolewa. Tujifunze hapo. Riba ikishuka na kazi ni ya kibarua, mlango umefungwa. Kazi ikiwa ya kudumu na riba ni 14, umefungwa vile vile. Mambo haya mawili yaende pamoja.

Wazee wetu wa reli waliwekwa Muthurwa na Makongeni. Kazi ikiisha, na nyumba imekwisha. Mwaka 1954 kamati ya Carpenter ilisema mfanya kazi wa mjini alipwe mshahara wa kumtosha na jamaa yake, si wa mtu mmoja. Miaka zaidi ya 70 imepita, na kijana wa Kawangware bado anaulizwa kazi yake inakwisha lini.

Kwa hiyo nataka chama kifanye haya:

1. Kifungu cha 37 cha Sheria ya Kazi kinasema kibarua aliyefanya kazi mwezi mzima mfululizo ahesabiwe wa mshahara wa mwezi. Tuwaandikishe vibarua wote na kuwadai matajiri kwa majina. Hiyo bado si kazi ya kudumu, lakini ndio mwanzo.

2. Katika mapatano yajayo tuandike kwamba mkataba usirudiwe-rudiwe bila mwisho, mtu aajiriwe.

3. Kampuni ya Kenya Mortgage Refinance iliundwa mwaka 2018 ili benki na SACCO zipate fedha za kukopesha watu kwa riba isiyofika 10. Viongozi wa SACCO waitwe waeleze tunaipataje.

4. Sheria ya nyumba nafuu ilitiwa sahihi Machi 2024, na tunakatwa. Tuhesabu tawi kwa tawi: wanachama wangapi wamepata ufunguo?

Ndugu uliyesema si kazi ya chama, njoo mkutano ujao unijibu. Lakini kwanza mwulize kijana wako barua yake inakwisha lini.

Mimi,
Mfanya Kazi wa Reli, Nairobi