SAYANSI KWA WOTE: Je, vita vinaandikwa katika damu ya mtoto?

 

Mwezi huu tunajibu swali linalozunguka sana pale kwenye mabomba ya maji na kwenye foleni ya chakula. Mtoto ambaye mama yake alikimbia vita akiwa na mimba, je, ameharibika katika damu? Wengine wanakataa hata posa kwa sababu hiyo. Basi tuone sayansi inasema nini.

Kwanza tuelewe jeni. Ndani ya seli za mwili kuna DNA, ambayo ni kama kitabu kirefu cha maagizo. Sura za kitabu hicho tuziite jeni, na binadamu anazo kama 20,000. Seli ya jicho na seli ya ini zina kitabu kile kile. Sasa mbona ini halioni? Ni kwa sababu kila seli inasoma sura zinazoihusu tu, zingine inazifunga.

Inazifunga namna gani? Fikirieni kitabu cha shule kilichopita mikono mingi. Maneno yake yamechapwa kwa wino, hayafutiki. Lakini pembeni walimu wameandika kwa penseli: "hapa someni", "hapa rukeni". Mwilini, penseli hiyo ni vipande vidogo sana vya kemikali vinavyoitwa methili, vinavyojibandika juu ya DNA. Ziko na alama za aina nyingine pia. Elimu ya alama hizo inaitwa epijenetiki. Yaani wino unabaki ule ule, kinachobadilika ni usomaji.

Wafugaji wa nyuki wataelewa haraka. Malkia na nyuki mfanyakazi wanatoka katika mayai ya aina moja. Tofauti inaletwa na chakula: buu wa kuwa malkia analishwa siku zote ule uji mweupe unaotoka vichwani mwa nyuki wafanyakazi, wenzake wanaupata siku za mwanzo tu. Mwaka 2008 wanasayansi wa Australia walizuia kazi ya kubandika methili katika mabuu ya nyuki. Wengi wakakua kama malkia! Jeni zao hazikuguswa.

Sasa turudi kwa binadamu, tena kwa wakimbizi kama sisi. Mwaka 2025 yalitangazwa matokeo ya uchunguzi wa familia 48 za Wasyria, uliofanywa na Rana Dajani wa Jordan pamoja na wenzake Connie Mulligan na Catherine Panter-Brick wa Marekani. Walichukua ute wa shavuni kwa bibi, mama na mtoto. Katika familia zingine bibi alikuwa na mimba mwaka 1982, wakati jeshi liliposhambulia mji wa Hama na kuua maelfu ya watu. Katika zingine, mama ndiye alikuwa na mimba wakati wa vita vilivyoanza 2011. Kundi la tatu ni familia zilizotoka Syria kabla ya 1980, hawakuyaona mauaji hayo.

Mtu atauliza, mbona wampime hata mjukuu? Hapa kuna jambo la ajabu. Mtoto wa kike akiwa bado tumboni, mayai yake ya uzazi yanakuwa yameshaanza kutengenezwa. Kwa hiyo mwanamke mwenye mimba ya binti anabeba pia mbegu ya wajukuu wake. Akikimbia, vizazi vitatu vinakimbia pamoja.

Matokeo: kwa watu walioona vita kwa macho yao, alama zilikuwa tofauti katika sehemu 21 za DNA. Kwa wajukuu wa wale bibi wa Hama, sehemu 14. Huko Goma pia, Mulligan na wenzake walipima wamama 25 na watoto wao wachanga. Mwaka 2012 walieleza kwamba pale mama alipopata mateso makubwa akiwa na mimba, mtoto alizaliwa na uzito mdogo, na alama zilibadilika kwenye jeni moja inayosaidia mwili kupambana na hofu.

Je, hiyo ndiyo kuharibika? Hapana. Wino haukuguswa. Haijaonyeshwa kwamba zile alama 14 zinaleta ugonjwa wala tabia mbaya, na familia 48 ni chache. Asitokee mtu akamwambia binti wa watu kwamba sayansi imemkataa.

Tena kuna habari ya kutia moyo. Huko Montreal, Kanada, walichunguza panya. Kuna panya mama anayelamba watoto wake sana, na kuna anayewalamba kidogo. Watoto wa yule anayelamba sana wanakua bila woga mwingi. Wanasayansi wakabadilisha: mtoto wa mama asiyelamba wakamweka kwa mama anayelamba. Akakua kama watoto wa mlezi wake, na alama za jeni zake zikafanana na zao. Mwaka 2004 walionyesha tena kwamba hata kwa panya mzima alama hizo zinaweza kubadilishwa kwa dawa. Binadamu si panya, ni kweli. Lakini wale wanaolea yatima na watoto waliopotezana na wazazi wao, msidharau kazi yenu. Malezi yanaingia mpaka ndani.

Basi tufanye nini? Mama mwenye mimba asaidiwe ndoo na kuni, apate kula na kulala, awahi kliniki. Asilaumiwe, si yeye aliyeleta vita. Mtoto akishtuka usiku, mshike, usimkemee. Na lile jina "mtoto wa vita" tuliache.

Swali kwa vijana: mapacha wa kufanana kabisa wana jeni zile zile. Kwa nini basi mmoja anaweza kuugua kisukari na mwingine asiugue? Leteni majibu shuleni, mazuri tutayasoma hapa mwezi ujao.

Ni mimi mwalimu wenu wa kujitolea. Mbaki salama.