Namba Changamano Zianzie Maabara

Chukua kikinza cha omu 30, kiunge mfululizo na koili ya milihenri 127, kisha washa kutoka kwenye transfoma ndogo ya volti 24 yenye masafa ya hezi 50. Weka mita kwenye kikinza: inasoma volti 14.4. Ihamishie kwenye koili: 19.2. Mwanafunzi aliyezoea saketi za betri atajumlisha, atapata 33.6, ataitazama transfoma yake ya 24 na kuanza kuilaumu mita. (Koili halisi ina ukinzani wa waya wake, kwa hiyo vipimo vyako vitapishana kidogo na hivi. Fumbo ni lile lile.)

Mita haina kosa. Volti hizo mbili hazifiki kileleni kwa pamoja. Ile ya koili inaitangulia ya kikinza kwa robo mzunguko, yaani nyuzi 90, na vitu vinavyopishana hivyo havijumlishwi kama sarafu. Andika 14.4 + j19.2, tafuta ukubwa wake kwa kanuni ya Pythagoras, na 24 inajitokeza. Pembe nayo inajitokeza, nyuzi 53.13, na hicho ndicho kiasi ambacho mkondo unachelewa nyuma ya volti ya transfoma.

Hoja ya toleo hili ni kwamba somo la namba changamano kwa wahandisi lingeanzia hapo. Sasa tunafundisha kinyumenyume. Namba hizi huingia darasani kupitia kipeuo cha pili cha hasi moja: mwalimu anasema hakipo, halafu anasema tuchukulie kwamba kipo, halafu anatoa lundo la maswali ya kurahisisha. Mwanafunzi anafaulu mtihani bila kuamini lolote kati ya hayo. Baadaye anakutana na j kwenye saketi (mafundi wa umeme tunaandika j kwa sababu i imeshachukuliwa na mkondo), na hajui kwamba walishawahi kuonana.

Rafael Bombelli alikwisha kuandika kanuni za kuzidisha namba hizi mwaka 1572, akiwa na shida yake ya milinganyo ya kipeo cha tatu. Lakini sura inayomfaa mhandisi ilitoka kwa mpima ardhi, Caspar Wessel, mzaliwa wa Norwei, aliyewasilisha andiko lake kwenye Akademia ya Sayansi ya Denmark mwaka 1797. Kwake namba ni mshale wenye urefu na mwelekeo. Ukizidisha mishale miwili, urefu unazidishwa na pembe zinajumlishwa. Basi kuzidisha kwa j ni kugeuka robo duara. Geuka mara mbili, unatazama nyuma, na nyuma ndiko iliko hasi moja. Hakuna muujiza zaidi ya huo. Cha kusikitisha, andiko lenyewe lilikaa karibu miaka 100 bila kusomwa na watu waliolihitaji.

Mwaka 1893, kwenye kongamano la umeme huko Chicago, Charles Proteus Steinmetz aliwaonyesha wahandisi kwamba milinganyo ya kalkulasi iliyowasumbua katika mkondo geu inaweza kugeuzwa kuwa hesabu za kujumlisha, kuzidisha na kugawanya. Koili inakuwa jωL, kapasita inakuwa 1/jωC, na kanuni ya Ohm inarudi kazini kama zamani. Mshahara wa wengi wetu umesimama juu ya hatua hiyo.

Wako watakaosema kikokotoo kinamaliza yote haya. Kinamaliza, ila kwa anayejua mshale wake unaelekea wapi. Tafuta pembe ya −3 + j4 kwa kugawanya 4 kwa −3 na kubonyeza tan ya kinyume: kikokotoo kitakupa −53.13, wakati mshale uko upande wa pili kabisa, nyuzi 126.87. Kosa la nguvu ni baya zaidi kwa sababu jibu lake linaonekana la kweli. Kwenye saketi yetu mkondo ni ampea 0.48. Tuseme volti tumeipa pembe ya nyuzi 30, basi mkondo uko kwenye −23.13. Ukizidisha moja kwa moja, bila kwanza kugeuza alama ya pembe ya mkondo, unapata wati 11.4. Kikinza kinapokea 6.9 tu. Anayefundishwa kuchora kwanza atalishtukia kosa hilo, kwa kuwa nguvu inategemea pembe iliyo kati ya mishale miwili, si mahali tulipoamua kuanzia kupima.

Njia hii ina mipaka, na tusiifiche. Inafaa saketi iliyokwisha kutulia, tena kwa masafa mamoja. Sekunde ile swichi inapowashwa ni habari nyingine, na chaja za simu na taa za LED zinavuta mkondo wenye masafa mengi, ambayo kila moja linataka hesabu yake.

Malizia jaribio kwa kapasita ya mikrofaradi 50, ukiiunga sambamba na saketi nzima. Tumia ile ya mota, si ile yenye alama ya chanya na hasi, ambayo inaweza kupasuka. Mkondo wa transfoma unashuka kutoka ampea 0.48 hadi takriban 0.29, na kikinza kinabaki na joto lake lile lile. Kiwandani hesabu hiyo hiyo huitwa kurekebisha pawa fakta, na mteja mkubwa anayetozwa kwa kVA huiona kwenye bili.

Walimu wenye maabara, hata ya meza moja, fanyeni jaribio hili kabla ya kuandika j ubaoni. Kisha tutumieni vipimo vyenu pamoja na ukinzani wa koili mliyotumia. Tutavichapa kama vilivyo, hata vikipingana na vyetu.